Alumini Haishiki Kutu: Siku Tatu na Mjomba Juu ya Bleaklow

Jioni ya kufika

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Viatu umeleta?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye treni ya Glossop, begi bado liko begani. Nikamwonyesha viatu. Akavigeuza, akabonyeza soli kwa kidole gumba kama mtu anayepima upepo wa tairi, akaridhika. Mjomba amekuwa fundi wa ndege kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na hakuna kitu anachokipokea bila kukikagua kwanza.

Glossop ni mji mdogo chini ya vilima, kama nusu saa kwa treni kutoka kituo cha Piccadilly mjini Manchester. Juu yake kuna uwanda mpana, mweusi, wenye maji, unaoitwa Bleaklow, na kusini yake mwingine unaoitwa Kinder Scout. Vyote viko ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951. Bleaklow ina mita 633, Kinder Scout 636. Nilipoziona namba hizo kwenye ramani nilicheka. Mjomba hakucheka.

Alikuwa ametandaza ramani mezani na kuchora duara nne kwa penseli. Kila duara ni ndege ya kijeshi iliyoanguka, tatu za Marekani na moja ya jeshi la anga la Kanada. Ziko nyingine nyingi kwenye vilima hivi, za wakati wa Vita Kuu ya Pili na miaka michache iliyofuata, lakini magoti yake, alisema, yamekubali nne tu.

Nikamuuliza kwa nini mtu aliyekesha na ndege maisha yake yote atake kutumia siku tatu kutazama vyuma chakavu kwenye mvua.

"Nataka nikaone ndege ambazo hazikuharibika," akasema.

Sikumwelewa. Akaongeza sharti moja: hatuokoti kitu, hata riveti. Mabaki ya ndege za kijeshi Uingereza yanalindwa na sheria ya mwaka 1986, na kuyachimbua au kuyahamisha kunahitaji kibali cha Wizara ya Ulinzi. Ila nahisi sharti lingekuwepo hata bila ya sheria.

Siku ya kwanza: Ashton Clough na James's Thorn

Tuliondoka Old Glossop saa mbili asubuhi, rasharasha ikitupiga usoni. Njia inafuata kijito cha Shelf Brook kuelekea mashariki, na inaitwa Doctor's Gate, njia ya zamani sana iliyokuwa ikivusha watu upande wa pili wa vilima. Mwanzo ni rahisi: kondoo, kuta za mawe, bwawa la tope hapa na pale. Kisha upande wa kushoto linafunguka korongo la Ashton Clough, na hapo urahisi unaisha.

Korongo hili halina njia. Unapanda ndani ya maji yenyewe, jiwe kwa jiwe, mikono ikisaidia miguu. Mjomba alipanda polepole lakini hakusimama. Mimi, mwenye nusu ya umri wake, nilisimama mara tano nikijidai napiga picha.

Kipande cha kwanza nilikipita bila kukitambua. Bati jeupe, limekunjamana kama karatasi iliyotupwa, limebanwa chini ya jiwe. Mjomba ndiye aliyeniita nirudi. Akachuchumaa bila kuligusa, akanionyesha mstari wa riveti.

"Tazama nafasi kati ya moja na nyingine. Zote sawasawa. Kuna mtu alipigilia hizi, na mwenzake upande wa ndani ameshika chuma cha kupokelea. Kazi ya watu wawili, hawaonani, wanasikilizana tu."

Juu kidogo kulikuwa na injini. Imelala ndani ya maji, imejaa matope na kokoto, kijito kinapita katikati ya silinda zake kana kwamba kimeshaizoea. Mjomba akazihesabu kwa kidole hewani: mistari miwili, saba mbele, saba nyuma. Kumi na nne.

"Twin Wasp ya Pratt & Whitney. Hii ni Dakota."

Dakota, ndege ya mizigo ya Jeshi la Anga la Marekani, aina ya C-47. Iliruka tarehe 24 Julai 1945 kutoka uwanja wa Leicester East ikielekea Renfrew, Scotland, ikiwa na watu saba. Ikaingia mlimani hapa juu, wote wakafa. Vita ya Ulaya ilikuwa imekwisha tangu Mei. Ninavyofikiria, kwa watu wale ilikuwa safari ya kawaida kabisa, ya aina ambayo mtu hajisumbui kuaga sana.

Tulipotoka juu ya korongo, kwenye bega la mlima liitwalo James's Thorn, upepo ulitupokea kwa kofi. Na hapo, mwendo mfupi tu kutoka pale Dakota ilipogonga, kuna jiwe la kumbukumbu na mabaki ya ndege nyingine kabisa: Lancaster namba KB993, ndege ya mabomu iliyoundwa Kanada na kurushwa na kikosi namba 408 cha Kanada kutoka Linton-on-Ouse, Yorkshire. Ilianguka usiku wa tarehe 18 Mei 1945 na kuua vijana sita, wote wa kikosi hicho. Siku kumi baada ya Ulaya kusherehekea mwisho wa vita.

Kati ya ajali hizo mbili ni siku 67. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa nimekaa kwenye jiwe nakula mkate. Ndege mbili, mataifa mawili, mlima mmoja, bega lilelile.

Mjomba alikuwa akizunguka akiangalia chini, mikono nyuma, kama anavyotembea mkaguzi kwenye karakana. Akaniita nione jambo. Vipande vya chuma vilikuwa vimegeuka rangi ya matofali na vinamung'unyuka. Lakini mabati ya mwili na mabawa yalikuwa bado meupe, mengine yanang'aa kwa mvua.

"Alumini haishiki kutu," akasema. "Ikikutana na hewa inajivika ngozi nyembamba ya oksidi, basi, inajifungia humo. Itakuwa hapa hata wajukuu zako wakija."

Ningependa kusema nilijibu kitu cha maana. Nilisema, "Mjomba, nasikia baridi," tukashuka.

Siku ya pili: Over Exposed

Hii ndiyo siku niliyoijia, na ndiyo siku nusura niiharibu.

Tulichukua teksi hadi kilele cha barabara ya Snake Pass, kama mita 510 juu ya usawa wa bahari. Nilidhani jina la nyoka limetokana na mikunjo ya barabara. Kumbe ni nyoka wa kwenye nembo ya ukoo wa Cavendish, mabwana wa ardhi ya huku enzi hizo. Dereva alitutazama tukivaa makoti, akatazama ukungu, akauliza kama tuna uhakika. Mjomba akamwambia ndiyo. Mimi nilikuwa na simu yenye ramani, nikamwambia ndiyo pia, kwa sauti kubwa zaidi.

Kutoka barabarani unafuata njia ya Pennine Way kuelekea kaskazini. Ni njia ndefu ya miguu, kilomita zipatazo 431 kutoka Edale hadi mpakani mwa Scotland, nasi tulihitaji kama tatu tu za kwanza kutoka hapo. Sehemu kubwa imetandikwa mabamba ya mawe, mengine yametoka kwenye sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa, na bado unaona matundu ambamo mashine zilifungwa. Mabamba hayo ndiyo yanayokuzuia usizame, kwa sababu kila kitu pembeni ni mboji: udongo mweusi, laini, uliotokana na mimea iliyooza taratibu kwa maelfu ya miaka, unaolowana kama sifongo. Maji yameuchonga kuwa mifereji yenye kina kuliko kimo cha mtu, inayokatana ovyo. Ukishaingia ndani ya mfereji, dunia yako yote ni kuta mbili nyeusi na ukanda wa mbingu. Siku ile hata mbingu haikuwepo.

Tulipita Devil's Dike, tukafuata kijito cha Hern Clough, na mahali fulani pale unatakiwa uiache njia kuu uelekee magharibi, kuelekea Higher Shelf Stones. Niliiacha nikiwa mbele, simu mkononi. Baada ya dakika kumi simu ikazimika. Ilikuwa na asilimia arobaini, baridi ikazila. Nikaiweka kwapani ipate joto, nikaendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukungu wa juu ya vilima hivi hauzibi macho tu, unapotosha vipimo. Kondoo aliyekuwa hatua ishirini nilimwona kama gari lililoegeshwa mbali. Ndege wa jamii ya kwale akaruka miguuni mwangu akipiga makelele na roho ikanitoka. Nilikuwa nikihesabu muda kichwani: tumetembea nusu saa, kwa mwendo wetu tungekuwa tumefika, hatujaona kitu, kwa hiyo tumepita. Ardhi nayo ilianza kuteremka. Nikageuka.

"Mjomba, tumeshapita. Tushuke hapa, tutaikuta njia chini."

Hakunijibu. Alitoa dira mfukoni, akasubiri sindano itulie, akatazama ramani ya karatasi aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni.

"Nani kakuambia tumepita?"

"Muda."

"Muda," akarudia, polepole, halafu akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa mpaka baadaye. "Hatujapita. Umezunguka mfereji mara mbili. Nifuate."

Akatembea akihesabu hatua kwa sauti. Mia moja. Mia mbili. Tukavuka mfereji mmoja kwa makalio. Mia tatu na kitu, akanyamaza, na mimi nikaona kitu cheusi mbele kikisimama ndani ya ukungu, kimo cha mtu, na mabega.

Ilikuwa injini.

Na nyuma yake nyingine. Kisha ukungu ukasogea kidogo, na ardhi yote ikawa na vitu. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimeona picha, lakini picha hukupa kipande kimoja kwa wakati. Pale unasimama katikati. Vipande vya bawa vikubwa kuliko mlango, vimelala kifudifudi kwenye mboji. Mguu wa ndege wa kutua ardhini, mnene kama shina la mti. Duara la chuma lenye meno pembeni, ambalo mjomba alisema lilikuwa likishika mzinga wa bunduki. Nyaya, mabomba, mabati yenye rangi ya kijani-manjano upande wa ndani, ile rangi ya kukinga alumini isiliwe, ambayo mjomba aliitambua mara moja na kuitazama kwa muda mrefu.

Ndege hii iliitwa Over Exposed. Ni lugha ya wapiga picha: picha iliyoingiwa na mwanga kupita kiasi. Ilikuwa Superfortress, ndege ya mabomu ya B-29, namba 44-61999, lakini iliyogeuzwa kuwa ya kupiga picha kutoka angani. Mabawa mita 43 kutoka ncha hadi ncha, injini nne za Wright, kila moja silinda 18. Mwaka 1946 ilikuwa miongoni mwa ndege zilizopiga picha za majaribio ya mabomu ya atomiki kwenye kisiwa cha Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Huenda jina hilo lilikuwa utani wa watu waliokuwa wameuona mwanga ule kwa macho yao.

Tarehe 3 Novemba 1948 iliondoka uwanja wa Scampton, Lincolnshire, kwenda kituo cha Wamarekani cha Burtonwood, karibu na Warrington. Safari ya nusu saa, pengine isifike. Ndani walikuwemo watu 13, rubani akiwa Kapteni Landon Tanner. Wingu lilikuwa limefunika vilima. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kwa muda waliokuwa wameruka waliamini wameshavuka sehemu ya juu, wakaanza kushuka ndani ya wingu watafute ardhi. Hawakuwa wamevuka. Jiwe la kumbukumbu lililowekwa pale na wanafunzi wa jeshi la anga la Uingereza waliokuwa wakisomea kutafuta njia angani, Novemba 1988, linasema ni shaka kama waliiona ardhi kabisa.

Nikasoma hayo mara mbili. Nikakumbuka nilivyosema dakika ishirini kabla: tumeshapita. Nani kakuambia? Muda.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye jiwe kando. Nikaketi naye. Akaanza kunieleza altimeta, kwa sauti ya darasani, nadhani ili asizungumze lingine. Altimeta ya zamani ni kipimo cha hewa tu, akasema. Haioni mlima. Inapima mgandamizo wa hewa na kuutafsiri kuwa mwinuko. Mgandamizo ukishuka kwa milibari moja, ndicho kizio cha kuupimia, na wewe hujairekebisha, inakudanganya kama mita nane, na inakudanganya kwa upande mbaya: inakuambia uko juu kuliko ulipo. Hali ya hewa ikibadilika njiani, milibari kumi si ajabu.

"Mita themanini," nikasema.

"Na hata ikiwa sahihi kabisa, inakuambia uko juu ya bahari kiasi gani. Bahari! Huku juu bahari inakuhusu nini?" Akaonyesha kwa kidevu upande wa kilele, ambako ukungu ulikuwa umefunguka kidogo na nguzo nyeupe ya wapima ramani ikaonekana, pale kwenye mita 621. Mwendo wa dakika chache kutoka tulipoketi. "Upepo nao. Wakipuliziwa kwa mbele kuliko walivyotarajia, nusu saa yao inakuwa fupi. Walifanya hesabu sahihi kwa namba zisizo sahihi."

Kisha akasema kile alichokuja kukisema.

"Nimesoma kila nilichopata kuhusu hizi ndege nne. Hakuna anayelaumu injini. Unajua maana yake? Mafundi waliowaaga asubuhi ile walikuwa wamefanya kazi yao. Kila riveti ilishika. Kila silinda ilikuwa inapiga mpaka sekunde ya mwisho." Akanyamaza. "Mimi kila nilipotia saini ndege iondoke, nilikuwa nalala nikiwaza: nimekaza ile nati? Miaka yote hiyo nilidhani kubwa la kuogopa ni nati."

Sikuwa na la kumjibu. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa.

Vijana wawili wakatokea upande wa kilele, mashavu mekundu, wakatusalimia. Mmoja akapanda juu ya kipande cha bawa apigwe picha, mikono ameitanua. Nilitaka kusema kitu. Mjomba alinitangulia: aliwaonyesha tu maua mekundu ya karatasi na misalaba midogo ya mbao iliyochomekwa kwenye mboji chini ya jiwe. Yule kijana akashuka, akavua kofia, na wakakaa kimya muda mrefu kuliko sisi. Sitamsema vibaya. Mahali hapa pametawanyika mno, hapafanani na kaburi mpaka mtu akuonyeshe. Na kwa kweli si kaburi: kikosi cha uokoaji mlimani kutoka Harpur Hill kilifika siku ileile, hakikukuta aliye hai, na miili yote ikashushwa.

Kitu kimoja hakikushushwa. Miaka ya sabini, mkazi wa Glossop alikuwa akipita hapa akaona kitu kinang'aa kwenye mboji. Pete ya ndoa, ya dhahabu, ndani imechongwa jina la Tanner. Ilikuwa imekaa mlimani zaidi ya miaka ishirini. Dhahabu nayo haishiki kutu, nikawaza, lakini sikumwambia mjomba. Nilikuwa nimeshazungumza vya kutosha siku hiyo.

Kurudi, yeye alitangulia na dira. Simu ilipopata joto ikawaka tukiwa tayari tunaiona barabara.

Siku ya tatu: Mill Hill

Anga jeupe, upepo mkavu, jua la uongo. Tulichukua basi hadi Hayfield na kupanda kwa korongo la William Clough. Njia hii ina historia yake, nayo haina ndege: tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na vitongoji vyake, waliipanda kwa makusudi kuvunja amri ya wenye ardhi waliokuwa wamefunga vilima kwa ajili ya kuwinda ndege wa porini. Watano walifungwa. Leo mtu anapita akiwa na mbwa na sandwichi.

Juu, kwenye Ashop Head, mjomba alielekeza kidole ukingo wa Kinder Scout. Huko nako tarehe 22 Julai 1954 walikufa marubani wawili wa jeshi la anga la Uingereza, kila mmoja na ndege yake ya jeti aina ya Sabre, kwa pamoja. "Si leo," akasema, akapapasa goti.

Mill Hill ni kilima kisicho na umbo, mita 544, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Mabaki ya Liberator, ndege ya mabomu ya B-24, yako chini kidogo upande wa kaskazini magharibi, kwenye nyasi ndefu. Safari hii tulifika bila kupotea, nami nilikuwa nyuma, mahali panaponistahili.

Tarehe 11 Oktoba 1944 ndege hii ilitoka Burtonwood, kulekule Over Exposed ilikokuwa inakwenda miaka minne baadaye, ikipelekwa Hardwick, Norfolk. Ndani walikuwemo wawili tu: rubani na fundi wa ndege. Wingu lilelile, vilima vilevile. Rubani aliiona ardhi dakika ya mwisho, akavuta pua juu, na Liberator ikagonga huku inapanda. Ikavunjika vipande. Watu wale wawili wakatoka wakiwa wamejeruhiwa, wakashuka mlima kwa miguu yao wenyewe.

Mjomba alisoma hayo kwenye karatasi aliyokuwa ameyaandika, akaikunja.

"Fundi," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Alikuwa ndani."

Alizunguka mabaki yale muda mrefu. Na mwili wake ulikuwa tofauti na jana, nitaapa. Aliinama, akachungulia, akaongea peke yake kwa majina ya vifaa ambayo sikuyajua. Akafika kwenye injini iliyozama nusu kwenye nyasi, akahesabu silinda zilizobaki kuonekana, akacheka.

"Njoo uone. Hii unaijua."

Mistari miwili, saba na saba. Twin Wasp, jamii ileile ya Dakota tuliyoiona siku ya kwanza ikioshwa na kijito. Ila hii ya Liberator ilikuwa ikisaidiwa na tabo, akanieleza, kwa sababu ndege za mabomu ziliruka juu ambako hewa ni nyembamba, na bila tabo injini inakosa pumzi. Dakota haikuhitaji. Akanionyesha kwa mikono jinsi moshi wa injini unavyozungusha feni ndogo, na feni inavyosukuma hewa kurudi ndani, na namna fundi alivyotakiwa kuangalia geji nne kwa wakati mmoja, na sauti gani utaisikia mambo yakiharibika. Alieleza nusu saa nzima. Upepo ulikuwa unachukua nusu ya maneno, nami sikumkatiza.

Jua likageukia upande wa Manchester, na bati moja kwenye nyasi likaangaza kama kioo. Kwa mbali kabisa, juu ya minara ya mji, ndege ya abiria ilikuwa inashuka kuelekea uwanjani, miguu imeshatolewa. Mjomba akaitazama mpaka ikapotea nyuma ya kilima. Akatazama saa yake.

"Imechelewa dakika sita," akasema, na tukaanza kushuka kuwahi basi.